Frantz Fanon: Daktari aliyewatibu walioteswa na waliowatesa

Jina la Fanon unalijua. Kama hujalisoma kitabuni, basi umelikuta kwenye fulana ya msee fulani, au mtandaoni pale mtu mwenye hasira anapobandika maneno yake mawili matatu kuhusu wakoloni na ngumi. Kila mara ni Fanon yule yule, wa mapinduzi na bunduki. Leo nataka nikujuze Fanon wa koti jeupe. Huyu jamaa alikuwa daktari wa magonjwa ya akili. Asubuhi aliingia wodini kama daktari mwingine yeyote, na ni huko wodini alikokutana na kitu kilichomfanya aache kazi nzuri, apoteze nchi, na aanze kuishi kama mtu anayewindwa. Alikutana na watu waliotoka mikononi mwa watesaji. Halafu akakutana na watesaji wenyewe. Nao pia walikuja kutibiwa.

Tuanzie kwao. Alizaliwa tarehe 20 Julai 1925, Fort-de-France, mji mkuu wa Martinique, kisiwa cha Karibi kilicho chini ya Ufaransa hadi leo. Baba alifanya kazi ya forodha, mama alikuwa na duka. Watoto wanane. Hawakuwa matajiri lakini hawakulala njaa, na walikuwa na pesa ya kumpeleka kijana shule nzuri, Lycée Schoelcher, ambako mshairi Aimé Césaire alikuwa mwalimu. Huko alifundishwa kwamba yeye ni Mfaransa. Historia ya Ufaransa ndiyo historia yake, mashujaa wa Ufaransa ndio mashujaa wake. Kijana akaamini.

Aliamini kiasi kwamba mwaka 1943, Vita vya Pili vya Dunia vikiwa vimepamba moto, alitoroka kwa mashua hadi kisiwa cha Dominica akajiunge na jeshi la Charles de Gaulle. Hakuwa amefika hata miaka 18. Mwaka uliofuata akasafirishwa na kikosi cha vijana wa Karibi hadi Moroko, kisha Algeria, kisha kusini mwa Ufaransa, halafu akapanda kaskazini kwenye baridi ambayo mtoto wa Karibi hajawahi kuiota. Huko jeshini akaona mambo. Kuna ngazi: Mzungu juu, mtu wa Karibi katikati, Mwafrika chini kabisa. Wote wamekuja kufa kwa ajili ya bendera moja.

Novemba 1944 akajeruhiwa na vipande vya kombora. Akapewa nishani ya ushujaa. Kanali aliyetia saini sifa zake aliitwa Raoul Salan. Hilo jina liweke kando, tutalirudia.

Aprili 1945 aliwaandikia wazazi wake barua ya kijana aliyezinduka usingizini. Aliwaambia kwamba alikosea kuja, kwamba alichokuja kupigania kilikuwa kimezeeka, na kwamba asiporudi wasijifariji eti alikufa kwa jambo jema. Alikuwa na miaka 19.

Vita vikaisha, akaenda kusomea udaktari Lyon. Huko alianza kuona jambo ambalo sisi wa Nairobi tunalijua vizuri. Mjini Lyon kulikuwa na wafanyakazi kutoka Afrika Kaskazini, wanaume waliokuwa mbali na familia zao, wanaolala vyumba vya kubanana na kufanya kazi za sulubu. Walikuja hospitalini wakilalamika maumivu. Yako wapi? Hapa. Na hapa. Yaani kila mahali. Daktari hakuona kidonda, hakuona mfupa uliovunjika, akaamua jamaa anajifanya au ni mvivu tu. Fanon aliandika makala juu yao mwaka 1952 katika jarida la Esprit. Hoja yake ilikuwa kwamba daktari alikuwa ameshaamua kabla mgonjwa hajafungua mdomo. Wewe ushawahi kuingia kliniki ukaangaliwa viatu kabla ya kuulizwa unaumwa wapi? Basi unajua anachosema.

Tasnifu yake ya kwanza ilikataliwa. Alikuwa ameandika juu ya namna ubaguzi unavyoingia kichwani mwa mtu mweusi hadi akajichukia, na chuo kikasema hii si sayansi. Mimi niliyeachia chuo njiani naipenda sana sehemu hii, lakini Fanon hakunifuata. Aliandika tasnifu nyingine haraka haraka, juu ya ugonjwa mmoja wa neva unaorithiwa, akapita Novemba 1951. Ile iliyokataliwa ikatoka kama kitabu mwaka uliofuata, Peau noire, masques blancs, yaani ngozi nyeusi, barakoa nyeupe. Ile iliyomvusha hakuna anayeikumbuka.

Mwaka huo huo wa 1952 akamwoa Josie, Mfaransa mweupe aliyekutana naye Lyon, na akaenda kujifunza kazi kwa mzee mmoja anayeitwa François Tosquelles katika hospitali ya Saint-Alban. Tosquelles alikuwa mkimbizi kutoka Catalonia, mtu aliyekimbia jeshi la Franco. Falsafa yake ilikuwa rahisi kueleza na ngumu kuitekeleza: kabla hujamtibu mgonjwa, itibu hospitali. Ukimfungia mtu kwenye chumba cha chuma, hata aliye mzima atawehuka. Kwa hivyo Saint-Alban wagonjwa walikuwa na gazeti lao, mikutano yao, kazi zao. Fanon akakaa huko zaidi ya mwaka mmoja na akatoka amebadilika.

Novemba 1953 akateuliwa kuwa daktari mkuu wa wodi katika hospitali ya Blida-Joinville, kilomita arobaini na kitu kutoka jiji la Algiers. Algeria wakati huo haikuhesabiwa hata kuwa koloni. Ilihesabiwa kuwa sehemu ya Ufaransa, ikiwa na walowezi wapatao milioni 1 waliojimilikia ardhi nzuri, na Waalgeria wapatao milioni 9 waliobaki na mabaki. Ukisikia hapo harufu ya kwetu, ya Nyanda za Juu zilizotengewa Wazungu, pua yako haijakosea.

Na kuna harufu nyingine ya kwetu. Madaktari wa akili wa Algiers, wakiongozwa na profesa Antoine Porot, walifundisha kwamba Mwalgeria ni mtu wa silika tu, mwongo na mkali kwa maumbile, ubongo wake haufanyi kazi kama wa Mzungu. Hayo yalifundishwa chuoni. Miaka hiyo hiyo, J. C. Carothers, daktari Mwingereza aliyewahi kuisimamia hospitali ya Mathari huku Nairobi, alikuwa akiandika mambo ya aina hiyo. Ripoti yake ya mwaka 1953 ilichapishwa na Shirika la Afya Duniani. Alimfananisha Mwafrika wa kawaida na Mzungu aliyefanyiwa upasuaji wa kukata sehemu ya mbele ya ubongo. Mwaka 1954 serikali ya kikoloni ya Kenya ikamchapishia kijitabu kuhusu saikolojia ya Mau Mau. Yaani watu wamenyang'anywa mashamba, wameingia msituni, na daktari anaitwa aeleze akili zao zina kasoro gani. Fanon alimsoma Carothers, na baadaye akamjibu kwa jina kitabuni. Mathari yetu imo humo.

Turudi Blida. Fanon alipewa wodi ya wanawake wa Kizungu 165 na wodi ya wanaume Waislamu 220. Aliwakuta wagonjwa wamefungwa kwa kamba na makoti ya kubana mikono. Akafungua. Akaleta yale ya Saint-Alban: filamu, muziki, mikutano, gazeti la wodi, kushona, sherehe ya Krismasi. Wale wanawake wa Kizungu wakachangamka ndani ya wiki chache. Wanaume Waislamu wakamtazama tu. Hakuna aliyekuja kwenye mikutano. Hakuna aliyetaka kuimba.

Hapa ndipo mimi nampendea. Angeweza kusema kama Porot, kwamba hawa watu vichwa vyao havielewi. Alijigeukia mwenyewe. Yeye na mwanafunzi wake wa udaktari, Jacques Azoulay, waliandika mwaka 1954 makala ya kujikosoa waziwazi: walikuwa wamechukua maisha ya Kifaransa na kuwabandika Waislamu, wakitaka wapone kwa kuwa watu wengine. Wakaanza upya. Fanon akafungua mkahawa wa kahawa humo hospitalini, wa mtindo wa Waalgeria, na mikeka na yote. Akaita msimulizi wa hadithi. Sikukuu za Kiislamu zikasherehekewa, na shehe akaanza kuja kusalisha. Wakatengeneza uwanja wa soka, wagonjwa wenyewe wakishika majembe. Wodi ikaanza kupumua.

Kama historia ingemwacha hapo, tungemkumbuka kama daktari mzuri wa Blida. Lakini tarehe 1 Novemba 1954 chama cha ukombozi, FLN, kilianzisha vita.

Nikueleze kidogo kilichotokea, bila kukuchosha na bila kukupamba. Jeshi na polisi wa Ufaransa walitaka habari: nani ameficha silaha, nani anachanga pesa, nani alilala wapi. Njia waliyoizoea ilikuwa mateso. Walitumia jenereta ndogo ya mkono, ile ya kuendeshea simu za jeshini, wakiunganisha nyaya kwenye mwili wa mtu. Walitumia maji, wakimjaza mtu tumboni hadi apoteze fahamu. Walipiga. Na jambo hili halikuwa la askari wachache walevi. Lilikuwa kazi ya ofisi, lenye zamu na ripoti.

Walionusurika, baadhi yao walifika kwa Fanon. Aliwaandika mmoja mmoja, kama daktari anavyoandika faili, na faili hizo ndizo sura ya 5 ya kitabu chake cha mwisho. Watu wengi wakishika kile kitabu husoma sura ya 1, ile ya vurugu, wakapata moto wao, wakafunga. Nakusihi ruka hadi ya 5. Humo hakuna mbwembwe. Kuna mtu aliyeteswa kwa umeme ambaye sasa hawezi kugusa swichi ya taa. Anaogopa redio. Anaogopa simu. Mwili una wadudu wanaotembea chini ya ngozi, mikono inachomachoma, kichwa kinataka kupasuka. Kuna waliodungwa dawa ya kuwalegeza ulimi, na aliyewadunga ni daktari, kwenye kitanda, kwa sindano safi. Hao ndio waliompa Fanon shida kubwa, kwa sababu baadaye hawakuweza kukaa chumba kimoja na daktari yeyote. Utamtibu vipi mtu ambaye koti lako jeupe ndilo ugonjwa wake?

Fikiria hilo kidogo. Fanon mwenyewe, kama madaktari wote wa akili wa zama zake, alitumia sindano na tiba ya umeme kwa wagonjwa. Watesaji walikuwa wamemwibia vifaa vyake. Na hawakuvichukua peke yao: kulikuwa na madaktari waliokaa kando ya mateso, wakimpima mtu mapigo ya moyo na kumdunga dawa ya kumwamsha, ili aweze kuteswa tena. Fanon aliandika juu yao kwa hasira kavu. Aliandika pia jinsi serikali ilivyobana dawa. Dawa za kuua vijidudu, spiriti, etha, chanjo ya pepopunda: Mwalgeria akizitaka duka la dawa, lazima aeleze za nani. Mtu akipata pepopunda porini, afe.

Sasa ile hadithi ambayo mimi siwezi kuitoa kichwani.

Kulikuwa na polisi Mzungu, umri wa miaka 28, aliyekuwa akija kutibiwa kwa Fanon. Shida yake ilikuwa kelele. Usiku akifunga madirisha, akiziba masikio kwa pamba, akifungulia muziki, bado anasikia mayowe ya watu aliowahoji. Fanon alikuwa akimwona nyumbani kwake, mle mle ndani ya uwanja wa hospitali. Siku moja daktari akaitwa kwa dharura wodini. Yule polisi akaona badala ya kungoja atatembea akamlaki njiani. Fanon akarudi na gari, akamkuta ameegemea mti, jasho linamtiririka, anatetemeka kama mwenye homa. Nini? Huko njiani alikuwa amepishana na mgonjwa mmoja Mwalgeria. Alimfahamu. Alikuwa mmoja wa waliomtesa.

Fanon akamtuliza kwa dawa, kisha akakimbilia wodini kumtafuta yule mgonjwa. Wauguzi hawakuwa wameona lolote. Mtu hayupo. Wakamtafuta, wakamkuta chooni akijaribu kujiua. Yeye pia alikuwa amemtambua polisi, na alijua moja tu: wamekuja kunirudisha.

Na Fanon akafanyaje? Alidanganya. Alimweleza mgonjwa tena na tena kwamba alichoona hakikuwepo, kwamba ni uchovu, kwamba polisi hawawezi kuingia hospitalini. Ilichukua muda mrefu jamaa kuamini. Polisi alikuwa amekaa sebuleni kwa daktari wakati huo.

Sijui wewe ungefanya nini. Najua wengi tungemfukuza yule karao mlangoni siku ya kwanza. Fanon hakumfukuza. Polisi yule aliendelea kuja, akapata nafuu, kisha akarudishwa kwao Ufaransa kwa sababu za afya. Mwingine, inspekta wa miaka 30, alikuwa na kesi mbaya zaidi. Alianza kuwapiga watoto wake nyumbani, hata mdogo wa miezi 20. Siku mke alipomkemea, alimfunga kwenye kiti akampiga yeye. Kisha akashtuka akaja kwa daktari. Alieleza kazi yake jinsi wewe ungelalamikia kazi ya mjengo: inachosha, masaa mengi, mnapokezana, na kila mmoja anataka asimwachie mwenzake zamu karibu na mwisho asije akamnyang'anya sifa ya kumfanya mtu aseme. Hakutaka kuacha kazi. Alichomwomba Fanon ni msaada wa kuendelea kutesa bila moyo kumsuta, na bila kupiga watoto jioni.

Hapo ndipo daktari alipofika ukingoni. Ukimtibu mwalimu aliyechoka, anarudi kufundisha. Ukimtibu huyu, anarudi kwenye jenereta, na kesho atakuletea wagonjwa wapya. Unashona mlango mmoja, mwingine unapasuliwa.

Wakati huo Fanon hakuwa tena mtazamaji. Wapiganaji waliojeruhiwa walifichwa na kutibiwa hospitalini mwake, dawa zilipita kisirisiri, na yeye mwenyewe alikuwa na mawasiliano na FLN. Wauguzi wake walianza kukamatwa. Mwishoni mwa 1956 akamwandikia waziri mkazi, Robert Lacoste, barua ya kujiuzulu. Hoja yake ilikuwa ya kitabibu kabisa: kazi ya daktari wa akili ni kumsaidia mtu asiwe mgeni katika mazingira yake, sasa atafanyaje kazi hiyo katika nchi ambayo mwenyeji amefanywa mgeni kwa nguvu ya sheria na mtutu? Januari 1957 akapewa masaa 48 aondoke Algeria. Mwezi huo huo wanajeshi wa miavuli wakaingia Algiers, na mateso yakawa ya mji mzima.

Alipitia Paris, akaishia Tunis. Mchana hospitali, jioni gazeti la wapiganaji, El Moudjahid. Mwaka 1958 alianzisha katika hospitali ya Charles-Nicolle kliniki ya mchana ya magonjwa ya akili: mgonjwa anakuja asubuhi, anatibiwa, jioni anarudi kwao kula na familia. Leo unaweza kuliona jambo la kawaida. Wakati ule, kumwachia mwendawazimu arudi nyumbani apande basi kama wewe na mimi, watu waliona ni noma.

Nisikufiche upande mwingine. Fanon hakuwa malaika, na FLN haikuwa kwaya. Abane Ramdane, mmoja wa vichwa vya mapinduzi na mtu aliyekuwa karibu na Fanon, aliuawa Moroko Desemba 1957, na waliomuua ni wenzake. Gazeti lile lile ambalo Fanon aliliandikia likatangaza mwaka 1958 kwamba Abane aliangukia vitani kishujaa. Fanon hakusema kitu hadharani. Daktari aliyeandika kwa makini namna hiyo kilichofanywa na polisi wa Ufaransa, hapa alinyamaza. Ukitaka kumtetea utasema kulikuwa na vita, na adui angefurahia ugomvi wa ndani. Sawa. Lakini kila dola inayotesa nayo husema kuna vita. Mimi namheshimu sana, na kimya kile bado kinanikera.

Desemba 1958 alikuwa Accra, kwenye mkutano mkubwa wa vyama vya Afrika nzima ambao Kwame Nkrumah aliuandaa. Aliyeukalia kiti cha mwenyekiti alikuwa kijana wetu wa miaka 28, Tom Mboya. Patrice Lumumba alikuwepo. Watu walikuwa wakizungumzia njia ya amani, na Fanon akasimama akawaambia kwamba kule kwake Algeria njia hiyo imezibwa. Ukumbuke alikotoka. Aliyesema hayo alikuwa ametoka kwa wagonjwa wasioweza kuwasha taa. Nyumbani Kenya, mwezi huo huo, kambi za kizuizini zilikuwa bado na watu, na kabla ya Machi 1959 kuisha wafungwa 11 walikuwa wamepigwa hadi kufa kule Hola.

Mwaka 1960 akawa balozi wa serikali ya muda ya Algeria huko Ghana, akavuka Mali akitafuta njia ya kupitishia silaha jangwani. Akaanza kukonda. Vipimo vikaonyesha saratani ya damu. Akapelekwa Umoja wa Sovieti, akapata nafuu kidogo, akarudi Tunis na akajua muda umeisha. Katika miezi michache ya 1961 akatunga Les damnés de la terre, sehemu kubwa akiisema kwa mdomo mwingine akiandika. Kwa Kiswahili kilitafsiriwa kwa jina Viumbe Waliolaaniwa. Mtu anayekufa, mwenye wiki za kuhesabu, angeweza kuzitupa zile faili za zamani za Blida. Aliziweka ndani. Alijua kuna watakaoona hazifai kukaa katika kitabu kama hicho, akaandika hivyo mwanzoni mwa sura yenyewe, akaziacha.

Oktoba 1961 akasafirishwa Marekani, nchi asiyoipenda, kwa sababu ndiko kulikokuwa na matibabu. Alilazwa Bethesda, Maryland, kwa jina la Ibrahim Fanon. Huko alishika nakala ya kitabu chake. Polisi wa Paris tayari walikuwa wakikikamata madukani. Akafariki tarehe 6 Desemba 1961. Miaka 36. Mtoto wake Olivier alikuwa na miaka 6.

Aliomba azikwe Algeria. Mwili ukarudishwa Tunis, na tarehe 12 Desemba wapiganaji wakaubeba mabegani wakavuka nao mpaka, vita vikiendelea, wakamzika kwenye ardhi ambayo bado haikuwa huru. Uhuru ulikuja Julai 1962.

Na Raoul Salan, yule kanali wa nishani? Alipanda hadi kuwa jenerali, akaongoza majeshi yote ya Ufaransa nchini Algeria kuanzia mwishoni mwa 1956, miezi ile ile ambayo Fanon alikuwa akijiuzulu. Baadaye aliasi akaongoza kundi la kigaidi la walowezi, OAS. Akakamatwa 1962, akahukumiwa kifungo cha maisha, akaachiwa 1968.

Wale wa sura ya 5, wenye jenereta, hawakufika hata huko. Machi 1962 serikali ya Ufaransa ilitoa amri ya msamaha iliyofunika yote yaliyofanywa katika kile ilichokiita kulinda usalama. Hakuna mmoja aliyehukumiwa kwa kutesa. Ilichukua hadi Septemba 2018 kwa rais wa Ufaransa kukiri kwamba Maurice Audin, mwanahisabati aliyekamatwa Algiers mwaka 1957 asionekane tena, alikufa kutokana na mfumo wa mateso uliokubaliwa na dola. Mjane wake alikuwa bado hai kuisikia, amengoja miaka 61.

Kwa upande wa madaktari, chama chao cha dunia kilipitisha azimio mwaka 1975 mjini Tokyo: daktari asishiriki mateso, asiyasimamie, asikae hata chumbani yanapofanywa. Kenya tuna Sheria ya Kuzuia Mateso ya mwaka 2017, na Nairobi kuna shirika la IMLU ambalo madaktari na mawakili wake huandika majeraha ya waliopigwa na polisi, mmoja mmoja, faili kwa faili.

Hospitali ya Blida ipo hadi leo. Bado ni ya wagonjwa wa akili, na inaitwa kwa jina la Frantz Fanon.